Neno la Kumwambia Waziri

Hebu weka chini ulichoshika, ufumbe macho kidogo, nikuonyeshe benchi. Si refu. Wanakaa watu wanne wakibanana, watano wakipendana. Liko nje ya duka la nyama, karibu na stesheni ya Liverpool, huku kusini-magharibi mwa Sydney ambako ukimkanyaga mtu mguu atalalamika kwa lugha yake, nawe utamwomba radhi kwa yako, na mtaelewana. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi. Katikati kuna taa za kuvukia zinazogonga polepole, tok, tok, tok, kama kuku anayedonoa sufuria, na zikigeuka kijani ndipo zinapopiga mbio. Umeliona? Sasa tuwaweke watu. Mwisho wa kushoto, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na chupa ya kahawa mapajani, ni Mzee Zubeir wa Zanzibar. Kijiwe kimempa jina la Gazeti, kwa kuwa hupitwi na habari ukiwa karibu naye, hata ukitaka kupitwa. Anayemfuata ni Suhaib wa Mombasa, msambaza vifurushi, anayeitwa Chapchap, ambaye haamini kwamba duniani kuna jambo lisilo na njia ya mkato. Kisha Mushagalusa wa Bukavu, mpanga maboksi katika ghala moja huko Lidcombe, ambaye kila Jumamosi huvaa koti na tai ili aje kunywa kahawa benchini. Huyo wanamwita Senata, naye huitika bila aibu. Na yule aliyesimama, anayekataa kukaa asije akakunja gauni lake jipya la kitenge, ni Léonie, ambaye Senata humwita Mama Vanessa kwa jina la bintiye.

Léonie hutunza wazee. Mikono yake inajua kumgeuza mtu kitandani asiamke. Lakini asubuhi hiyo mikono hiyo haikujua pa kukaa, kwa sababu kahawa ikiisha angevuka barabara, aingie ukumbini, aape kuwa raia wa Australia, kisha aitwe mbele apeane mkono. Kwa kawaida mkono huo huwa wa meya. Safari hii ulikuwa wa Waziri wa Uhamiaji mwenyewe.

Na Léonie alikuwa na mama Kampala. Siku familia ilipoandikishwa kuja huku kutoka Uganda walikokimbilia, mama alikuwa amerudi Bukavu kumzika kaka yake. Aliporudi Uganda, majina yalikuwa yamekwisha kufungwa. Tangu hapo yumo katika foleni ya viza ya wazazi, ile ambayo wenye foleni yao wenyewe wanasema inaweza kufika miaka thelathini. Mama amekwisha kupita sabini. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Kwa hiyo kijiwe kilikuwa na kazi. Kilikuwa kinamtafutia Léonie neno moja la kumwambia waziri, neno linaloweza kuingia lote ndani ya muda wa kupeana mkono.

— Sikiza, dadangu, — alianza Suhaib, maana kikombe kilikuwa kwake, na sheria ya benchi ni kwamba mwenye kikombe ndiye mwenye zamu. — Mimi nilipoapa nilipeana mkono na meya. Ni hivi: "Hongera," shika, picha, achia. Kwisha! Hata chafya haipati nafasi.

— Basi aseme nusu ya chafya, — Mushagalusa alidakia.

— Senata, huna kikombe.

— Niko na swali ya dharura!

— Usimtishe mtoto wa watu, — Zubeir alisema, akimimina. Bi Fawzia, mkewe, hutia tangawizi ya kutosha kumwamsha mtu mpaka kwenye visigino. — Kabla hajajua la kusema, ajue kwanza anamwambia nani. Mwanangu Léonie, cheo hicho unakijua kilikotoka?

— Sikijui, Mzee.

— Haya! — Suhaib alijipiga paja. — Gazeti limefunguliwa. Tuko ukurasa wa kwanza. Michezo tutaifikia usiku.

Zubeir hakujali. Aliweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati.

— Kilizaliwa mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tano. Vita vinamalizika. Nchi hii ikajitazama, ikajiona kubwa, tupu, iko peke yake baharini. Ikaogopa. Wakubwa wakasema, ama tujaze watu, ama tuangamie. Wakaunda wizara, wakaweka waziri, wakamwambia kazi yako moja tu: lete watu.

— Kazi tamu hiyo! — Suhaib alisema. — Lete watu! Mimi ningeanza na mtaa wetu wote wa Majengo.

— Lete watu weupe, — Zubeir alimalizia.

— Ahaa. Nilijua hadithi haiwezi kuwa nzuri hivyo.

— Waingereza kwanza. Walipokuwa hawatoshi, waziri akaenda kuwatafuta kwenye makambi ya Ulaya. Watu waliofukuzwa na vita, hawana kwao.

Léonie aligeuka. — Makambi? Wazungu nao walikaa kambini?

— Walikaa, mwanangu. Walipanga foleni ya mkate. Watoto wao walizaliwa humo humo.

Léonie alimkumbuka mtu. Kazini kwake kulikuwa na bibi mmoja, mzaliwa wa Latvia huko Ulaya, ambaye kila jioni huficha kipande cha mkate chini ya mto. Wenzake humcheka kidogo, kisha hukitoa akilala. Léonie hakuwahi kukitoa. Hakujua kwa nini, alijua tu kwamba mkate uliofichwa haufai kuguswa.

— Na sisi je? — Mushagalusa aliuliza. — Sisi tulikuwa wapi kwa hiyo hadithi?

— Nyinyi mlikuwa na mtihani. Tangu mwanzo wa karne. Unashuka melini, ofisa anakusomea maneno hamsini uyaandike. Kwa lugha yoyote ya Ulaya atakayoitaka yeye. Kiingereza unakijua? Basi anakusomea nyingine usiyoijua.

— Angenisomea Kifaransa, — Mushagalusa alinyoosha tai, — ningeandika mpaka aniombe pole.

— Angekusomea Kigiriki.

— Bado ningeandika. Kitu yoyote! Yeye mwenyewe angejua Kigiriki?

Walicheka mpaka mwenye duka la nyama akatoa kichwa nje kuangalia kama kuna tatizo. Zubeir alisubiri wapoe, kama alivyozoea.

— Mtihani ukafutwa mwaka hamsini na nane. Halafu akaja waziri akafungua mlango kidogo, akaja mwingine akaufungua zaidi, na miaka ya sabini ilipoanza, mambo ya rangi yakaondolewa. Wizara yenyewe imebadilishwa jina mara sijui ngapi. Mawaziri ndio usiseme.

Lakini yeye akasema. Aliwataja wote, mmoja baada ya mwingine, kwa jina na kwa ukoo, kama shabiki anavyotaja timu yake tangu kipa. Akakunja kidole kwa kila mmoja. Vidole vyake vikaisha, akashika mkono wa Suhaib akaendelea na vya Suhaib.

— Mzee, rudisha vidole vyangu, — Suhaib alilalamika. — Mbona wengi hivi?

— Kiti cha moto. Mtu anakaa chai yake haijapoa, keshahamishwa.

— Kwetu, — Mushagalusa alisema kwa fahari kidogo, — ministri anakaa mpaka kiti inachukua umbo ya...

— Senata! Kuna mama wa watu hapa.

— ...ya roho yake. Nilitaka kusema roho.

— Mzee, — Léonie aliita taratibu. Hakuwa amecheka safari hii. — Anaweza nini? Huyo anayekuja. Anaweza kufanya nini kwa mama?

Zubeir alivuta pumzi. Jambo moja Léonie alilolipenda kwake ni kwamba hakudanganya, hata pale uongo ungekuwa hisani.

— Sheria imempa waziri mkono wake mwenyewe. Mtu akikataliwa, akakata rufaa, akashindwa, waziri anaweza kulichukua shauri akaigeuza hapana ikawa ndiyo, akiona kuna manufaa kwa umma. Lakini halazimishwi. Hakuna jaji wa kumwambia lazima utazame.

— Voilà! — Mushagalusa alisimama. — Imekwisha! Mama Vanessa, mama yako anakuja! Nenda kutandika kitanda!

— Kaa chini. Mama yake hajakataliwa. Yuko kwenye foleni tu. Mkono ule ni wa waliokwisha kuambiwa hapana. Yeye hajaambiwa kitu.

Ng'ambo, taa ziligonga: tok, tok, tok.

— Basi akataliwe upesi! — Suhaib aliruka kana kwamba amekalia sindano. — Si ndiyo njia? Tuombe akataliwe leo, kesho ashindwe rufaa, Jumatatu waziri ageuze. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana nasema tufanye chapchap tumalize, baraka itatukuta mbele!

— Hawakusema hivyo.

— Walikuwa na haraka, hawakumaliza.

— Kikombe kwangu, — Mushagalusa alisema, akakinyakua. Alikishika kwa vidole viwili kama mtu anayetaka kuhutubia taifa. — Nyote munakosea, juu hamujue siri. Huku ministri iko wawili. Kuko wa mikono, kuko wa kalamu. Wa mikono njo huyu wa leo. Anacheka, anapiga foto, anakwenda. Wa kalamu hatoke! Anakaa kule Canberra, chini ya udongo.

— Chini ya udongo?

— Wewe umeona ile bunge yao? Iko na majani juu ya paa. Majani, bwana! Watu walikuwa wanatembea pale juu na watoto. Sasa mi nakuuliza, nani anapanda majani juu ya nyumba kama hafichi kitu chini?

Majani yapo, hilo hata Zubeir hakuweza kulikana.

— Sasa hiyo nimeipenda, — Suhaib alisema, macho yakimng'aa, — lakini nyongeza yake ninayo mimi. Kuna droo. Nilimpelekea mtu kifurushi, ana shemeji anayefagia maofisi ya huko. Akaniambia kuna droo moja, tangu huo mwaka arobaini na tano, kila waziri akiingia anapewa ufunguo na yule anayetoka. Asubuhi anafungua, anatia mkono bila kutazama, anachomoa shauri moja. La juu ndilo linalopita. Kwa hiyo, dadangu, kazi si kumwomba mama aje. Kazi ni kumwomba waziri aitikise droo!

— Lahaula, — Zubeir alisema.

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe pasipoti! — Mushagalusa alitangaza, bila sababu iliyoonekana.

— Mpe jembe, Senata. Jembe!

— Jembe ya nini, hapa Liverpool? Atalima lami?

Wakati huo mama mmoja mzee alikuwa amesimama karibu, ameshika mfuko mtupu. Alivaa leso mbili za rangi ya kunde na juu yake koti zito la kiume, ingawa jua lilikuwa limewaka. Akasalimu. Wote wakaitika, na Léonie akampa shikamoo kwa kupiga goti kidogo, kitu ambacho kitenge kilikikataa lakini akakifanya hivyo hivyo.

— Marahaba, mwanangu. Naitwa Kijakazi. Mimi wa Tanga, nimekuja kumwona binti yangu, wiki ya kwanza hii. Yuko humo ndani kwenye foleni ya nyama. Naona hapa ndipo mahali pa kukaa, au pana tiketi?

— Tiketi yake ni kusikiliza upuuzi, — Suhaib alisema, akimwachia nafasi. — Karibu, bi mkubwa. Tuna mtu anakwenda kuonana na waziri.

— Waziri! — Bi Kijakazi akakaa. — Basi endeleeni, msinijali.

Wakaendelea. Zubeir aliamua kwamba maneno yametosha, sasa ni mazoezi. Suhaib akawa waziri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na viatu safi. Alisimama penye ukingo wa njia, akatoa kifua, akaja polepole akitabasamu kama mtu aliyeumwa jino lakini anapigwa picha.

— Hongera, — alisema, akampa Léonie mkono.

— Mheshimiwa, mama yangu...

— Achia! Mimi nimeshapita. Tena.

— Mheshimiwa, tafadhali...

— Tafadhali imekula muda wote! Tena.

— Ngoja, — Zubeir alisema. — Sentensi ninayo. Jana usiku nimeitunga. Sema hivi: "Mheshimiwa Waziri, kwa kuzingatia historia ndefu ya wizara yako tangu vita, na kwa kutambua kwamba taifa hili lilijengwa na watu waliotoka makambini, wengi wao wakiwa wametenganishwa na..."

Alipofika hapo Suhaib alikuwa amekwisha kupeana mkono na nguzo ya taa, na pipa la taka, na mzee mmoja wa Kivietinamu aliyekuwa anapita zake, ambaye alimjibu kwa heshima zote na kuinama.

— Mzee, waziri ameshapanda gari, yuko barabara kuu.

— Sentensi bado ilikuwa haijafika kwenye kiini!

— Kosa ni mkono wenyewe, — Mushagalusa alisema. — Munashika kama watu wa ofisi. Njoo, Chapchap, leta mkono. Mkono ikishikwa na Mushi, mtu wa kabila yangu, haiachiwe mpaka jibu itoke. Mama Vanessa, angalia vizuri.

Akaushika mkono wa Suhaib. Mtu anayebeba maboksi kutwa hana mkono wa kuchezea. Suhaib akavuta. Mushagalusa akacheka. Suhaib akazunguka upande wa pili, akaweka mguu kwenye benchi akavuta tena. Bi Kijakazi akahamisha mfuko wake. Chupa ya Zubeir ikayumba, kikombe kikaruka, kahawa ikamwagika kwenye lami, na kilichosalia ndani ya chupa kikatikisika kwa ile sauti nyembamba ambayo kila mnywaji anaijua.

— Mkono mtupu haulambwi! — Mushagalusa alipaza sauti, bado kaukamata. — Anakuja au haji? Mama anakuja au haji?

— Anakuja! Anakuja! Wallahi anakuja, niachie!

— Munaona? Imefanya kazi.

— Imefanya kazi kwa sababu mimi si waziri! Yule ana polisi!

Léonie alicheka mpaka akajishika kiuno. Akacheka mpaka kicheko kikageuka, na akaona kwamba anapangusa macho. Alikuwa amezeeka akilisaka neno hilo la kumwambia waziri. Usiku wa zamu, akiwasafisha wazee wa watu, kuwachana nywele na kuwalisha uji kwa kijiko, alikuwa akilitafuta. Akiwa na bibi wa watu mikononi, mikono ilimwuliza, na mama yako nani anamchana? Alidhani kijiwe kitalipata. Kijiwe kilikuwa na droo, na bunge lenye majani, na sentensi isiyo na mwisho.

Ndipo gari jeusi likasimama mbele ya ukumbi.

Wote walisimama wima kwa pamoja, kana kwamba wimbo wa taifa umepigwa. Watu wenye suti walishuka. Mpiga picha akarudi kinyumenyume.

— Yule! — Suhaib alisema. — Yule mwenye miwani!

— Huyo ni dereva, — Zubeir alisema.

— Gari moja? — Mushagalusa hakuamini. — Hakuna hata ving'ora? Niliwaambia, huyu ni wa mikono!

Simu ya Léonie ikalia. Alikuwa Vanessa, binti yake, aliyekwenda mapema kushika viti. Léonie akamwuliza kwa Kiswahili kama wameanza. Vanessa, kama kawaida yake, akajibu kwa Kiingereza kwamba wanaanza sasa hivi, mama aache kahawa, akimbie.

— Mwisho huu, — Zubeir alisema. Akainua chupa, akaipindua taratibu mpaka tone la mwisho. Kikombe kimoja kikajaa, hakikufurika. Mila ya benchi haina mjadala, kikombe cha mwisho ni cha mgeni. Akampa Bi Kijakazi.

Bi Kijakazi alionja, akaguna kwa kuridhika. Akamtazama Léonie, kisha wale wanaume watatu. Sasa kikombe kilikuwa kwake.

— Nimewasikiliza, wanangu. Mnampenda huyu dada yenu, nimeona. Ila nina swali moja, nami mniwie radhi, labda mlilisema kabla sijafika. Huyo mama mnayemhangaikia anaitwa nani?

— Mama yake Léonie, — Suhaib alijibu upesi.

— Hilo jina la huyu hapa.

— Mama wa Mama Vanessa, — Mushagalusa alisema.

— Hilo la mjukuu.

Mushagalusa akamtazama Zubeir. Suhaib naye akamtazama Zubeir. Zubeir, aliyekuwa amewataja mawaziri wote kwa jina na ukoo mpaka akaazima vidole, alishika kofia yake akaizungusha kichwani, ikarudi ilipokuwa.

— Sisi... tunasema Mama, — alisema. — Tumesema hivyo miaka yote. "Mama hajambo? Mama anaendeleaje?"

— Ni adabu, — Bi Kijakazi alikubali. — Hata mimi sikulitaja jina la mama yangu mpaka alipokufa, na nikalitaja kwa kunong'ona. Wewe je, mwanangu?

Léonie alifungua mdomo, na jina halikutoka.

Si kwamba hakulijua. Alilijua kama unavyojua ladha ya mate yako. Amelijaza kwenye karatasi mara nyingi. Lakini kulitoa kwa sauti, mbele za watu, kama unamwita mtoto mwenzako! Alipokuwa mdogo huko Bukavu, msichana wa jirani aliwahi kulitaja kwa dharau penye bomba la maji, wakapigana mpaka ndoo ikapasuka. Jioni mama alimwuliza ndoo imepasukaje, naye hakuweza kumweleza, maana kueleza kungekuwa kulitaja. Vanessa mwenyewe humwita Koko, yaani bibi. Akiulizwa shuleni Koko anaitwa nani, asingejua. Nani angemwambia?

— Nyumbani unamfunika mzazi wako kwa heshima, — Bi Kijakazi alisema taratibu. — Sawa kabisa. Lakini nguo hiyo umemfunika mpaka huku, wasiomjua wanaona nguo tu. Nina dawa ndogo. Mtu ukimtajia jina, hulirudia. Hata awe mkubwa namna gani. "Ah, fulani." Ndiyo adabu ya wanadamu wote. Mengine hayo ya droo mimi siyajui.

Suhaib hakungoja kuambiwa. Alirudi kwenye ukingo wa njia, akatoa kifua, akaja. Safari hii hakutabasamu kwa jino.

— Hongera, — alisema, akampa mkono.

Léonie aliushika. Akamtazama machoni, na moyo wake ukapiga kama taa zinapogeuka kijani.

— Asante. Mama yangu anaitwa Emerance Nabintu. Yuko Kampala, ananingoja.

— Emerance... — Suhaib alianza, kisha akasahau kuachia. Alisahau kwamba yeye ni waziri. — Emerance Nabintu, — alisema, kana kwamba mtu huyo ameketi hapo kando. — Jina zuri, wallahi.

— Emerance Nabintu, — Zubeir alirudia, akikunja kidole kimoja tu.

Mushagalusa alifunga vifungo vya koti. — Nabintu, — alisema kwa sauti ya chini ambayo benchi halikuwahi kuisikia kwake. — Dada wa kwetu. Mi nakunywa kahawa hapa miaka yote, sijue kama ni Nabintu. — Kisha akapata nguvu zake. — Na imeingia! Mumeona? Imeingia yote kwa mkono mmoja, na nafasi ya chafya imebaki!

— Inaweza isibadilishe kitu, mwanangu, — Zubeir alisema. — Foleni ni ile ile. Waziri halazimishwi, na kesho anaweza kuwa mwingine.

— Najua, Mzee, — Léonie alisema. — Lakini atakuwa amelisema.

— Nenda! — Suhaib alipiga kelele. — Nenda, taa inageuka!

Alikwenda. Tok, tok, tok zikageuka mbio, naye akavuka ameshika kitenge kwa mkono mmoja, midomo ikicheza, akilitaja kwa kila hatua ili lisije likajificha tena. Mlangoni Vanessa alikuwa anapunga mikono yote miwili. Benchi zima lilipunga nalo, hata Bi Kijakazi na kikombe chake, hata mwenye duka la nyama, ambaye mpaka leo hajui alikuwa anampungia nani.

Yaliyosemwa ukumbini hatuwezi kuyajua hapa, maana macho ya benchi yanaishia mlangoni. Fumbua yako sasa. Miaka niliyokutajia unaweza kuisahau, na droo pia, na majani juu ya paa. Ila nakuomba kitu kimoja, kwa upole. Lile jina lililokaa kimya muda mrefu namna ile, lishike wewe nawe. Litamke hata mara moja, polepole, kabla hujainuka: Emerance Nabintu.